Simu ya Marekani na Posa ya Kibirizi

Nikipita Kibirizi siku hizi napita huko juu barabarani, sishuki ufukweni mwa ziwa, na hata huko juu akinamama wanaoanika dagaa wakiniona wananipigia kelele, "Mzee Idi, leo unapatikana?", halafu wanacheka mpaka wanatua mabeseni. Siwalaumu. Aibu ile niliifuata mwenyewe kwa miguu yangu, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, tena nikaenda na shahidi. Naiandika kwa sababu imeshasimuliwa sana na wengine, na kila msimuliaji anaongeza chumvi yake, mara nililia, mara nilitumbukia kwenye dagaa (sikulia; kwenye dagaa ni kweli niliingia, ila mguu mmoja tu, nitafika huko).

Mimi ni mshenga, au niseme nilikuwa. Tangu nilipostaafu ukarani wa ghala, watu wa mtaa wetu pale Ujiji walizoea kunituma kuposa, kwa kuwa nina maneno ya taratibu na nywele zangu zimeshakuwa nyeupe, na kazi yenyewe naipenda. Ina adabu zake. Ukishapeleka posa unaondoka, unakaa kwako, unasubiri. Wenye binti wanakaa kikao, wanaulizana, wanachunguza ukoo wenu mpaka babu, na wakishakubaliana wanamwita mshenga, si kijana wala mama yake, ni mshenga. Zamani walikuwa wanatuma mtu, siku hizi wanapiga simu. Ila usipoitwa huendi, maana ukienda bila kuitwa ni kama umekwenda kuwadai mtoto wao, na hakuna baba atakayekuvumilia kwa hilo.

Aliyenituma safari hii ni Shabani, fundi wa injini za boti kule Bangwe, kijana mpole ambaye marehemu baba yake alikuwa rafiki yangu wa tangu utoto. Alikuwa amempenda Zuhura, binti wa Mzee Yasini, mnunuzi wa dagaa wa Kibirizi anayejulikana na kila mwenye boti. Nikaenda. Mzee Yasini akanipokea vizuri sana, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye," (Mzee Yasini akifurahi husalimia kwa Kiha, akikasirika ndiyo utasikia Kiswahili chake), tukala, nikasema yangu, akasikiliza. Mwisho akatoa kisimu chake cha vitufe kilichofungwa mpira wa kukaza mfuniko, nikamwandikia namba yangu humo.

"Tutakupigia, mshenga," akasema.

"Mzee mwenzangu," nikamjibu, "simu yangu haizimwi, usiku wala mchana."

Hayo maneno niliyasema mbele ya watu, na nilipokuwa nayasema yalikuwa kweli.

Siku chache baadaye ikaja simu kutoka Marekani. Jafari, mtoto wa kaka yangu, anaishi huko, na alikuwa ameniahidi muda mrefu kwamba atanitoa kwenye kitochi, kile kisimu changu cha vitufe chenye tochi, akampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani aniletee mpya. Sijui niielezeje simu ile. Kioo chake kilikuwa kipana kama sinia dogo, nyuma ina macho matatu ya kamera, ukiishika mkononi unajiona bado una kazi serikalini. Jafari alinitumia pia maelezo marefu ya sauti kwenye simu ya mke wangu wa jirani (ninaposema hivyo nina maana mke wa jirani yangu, msije mkaanza), nikasikiliza mwanzo pale anaponisalimia na kuniombea afya, kisha akaanza mambo ya mitandao na masafa, nikaona haya nitayasikiliza nikitulia. Sikutulia. Nikampelekea fundi laini yangu akaikata ikawa ndogo kama ukucha ili iingie kwenye simu mpya, na kitochi changu cha miaka yote nikampa mke wangu, Bi Tatu, nikamwambia, "Chukua, kitumie na wewe," kwa sauti ya mtu anayegawa shamba.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo kabisa, haukuchukua hata muda wa kunywa chai.

Sasa mnielewe, simu ilikuwa inafanya kazi. Minara juu ya kioo imejaa mpaka ya mwisho, wasapu inaingia mpaka inachosha, naongea na Jafari namwona uso, natumiwa mawaidha, picha za watoto, video za watu nisiowajua wakicheza. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba simu yake haifanyi kazi? Kulikuwa na dalili, sikatai. Nikitaka kuangalia salio, menyu haifunguki, nikawa nasema leo mtandao uko chini. Meseji za kawaida zikaacha kuja, nikasema watu wamehamia wasapu. Bi Tatu mwenyewe aliniambia siku moja akichambua mchele, "Tangu lije hilo lisinia lako, mbona husikiki ukisema haloo? Nyumba imekuwa kama ya wafiwa." Nikamjibu kwamba watu wa kisasa hawasemi haloo, wanaandikiana. Akanitazama, akaendelea na mchele wake.

Kibirizi kimya. Wiki ikapita, ikaanza nyingine. Mama yake Shabani akawa anakuja kwangu kila alasiri, anakaa kwenye kigoda, haulizi kitu, anaitazama tu ile simu mezani kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Shabani naye akakonda. Siku moja akaja na nguo zake za kazi, zinanuka mafuta ya taa, akasema kwa aibu, maana kwa adabu hakutakiwa kusema, "Mzee Idi, shikamoo. Zuhura anasema baba yake ameshapiga. Anasema amepiga mara nyingi."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikaishika simu, nikamwonyesha. "Shabani mwanangu, unaiona hii minara? Imejaa. Simu ikipigwa kutoka Marekani inaingia, itashindwaje ya Kibirizi? Huyo binti anakutia moyo tu."

"Zuhura hasemi uongo, mzee."

"Basi anadanganywa yeye. Wazee wana namna yao ya kukataa bila kukataa."

Yule kijana aliinamisha kichwa, akaondoka, na mpaka leo ule mgongo wake ukitoka mlangoni kwangu ninaukumbuka kuliko hata kicheko cha Kibirizi. Nilikuwa nimemwita binti wa watu mwongo, au baba yake mwongo, ili simu yangu isiwe mbovu.

Alipoondoka dhamiri ikanisumbua, nikasema liwalo na liwe, nitavunja adabu nimpigie mimi Mzee Yasini, nimsalimie tu. Nikabonyeza. Simu haikuita hata nusu pumzi, ikakatika. Nikabonyeza tena, ikakatika. Mara ya tatu ikakatika upesi zaidi. Nikaiweka mezani, nikamwambia Bi Tatu, "Amenikatia! Yasini ananikatia simu!"

"Labda ana wageni."

"Mtu mwenye wageni anaacha iite. Huyu anakata. Huyu ana hasira."

Na hasira ikishakuwepo, mshenga anaanza kutafuta kosa. Usiku kucha nikawa napekua ile ziara yangu ya kwanza, niliingia na mguu gani, nilikula kiasi gani, nilimtaja nani kabla ya nani. Nikakumbuka kwamba nilikataa kuongezwa ugali. Nikakumbuka nilipiga chafya akiwa anaeleza ukoo wake. Kufika alfajiri nilikuwa na hakika tumemkosea, isipokuwa sikujua kwa lipi, na nikaona dawa ni moja tu, kwenda kuomba radhi ya jumla, radhi inayofunika kila kitu, halafu yeye mwenyewe atachagua ni ya kosa gani.

Nikamchukua Mzee Saidi, jirani yangu, mtu mkimya ambaye kazi yake katika safari hii ilikuwa kuitikia tu. Tukanunua kitambaa kizuri cha kanzu, tukapanda bajaji mpaka Kibirizi. Simwambii Shabani, simwambii mama yake. Nakwenda bila kuitwa.

Mzee Yasini hakuwa nyumbani, alikuwa ufukweni kwenye biashara yake, na badala ya kumsubiri kistaarabu nikashuka humo humo, kati ya vichanja vya dagaa na wabebaji wanaopishana na magunia na akinamama wanaogeuza dagaa juani. Akatuona tukija. Hakuinuka.

"Karibuni," akasema. Kwa Kiswahili.

Nikafungua kikao pale pale, nimesimama, kitambaa nimekishika kwa mikono miwili. Nikasema sisi watu wa Ujiji tumekuja kujishusha. Nikasema panapo watu hapakosi kosa. Nikasema kama ni sisi wazee tumekosa, tunaomba radhi, kama ni kijana wetu amekosa, tunamwombea radhi. Mzee Saidi akaitikia, "Ndiyo."

Mzee Yasini akageuza kichwa polepole. "Kijana amekosa nini?"

Sasa hapo jibu la kweli lilikuwa, sijui. Lakini mshenga hasemi sijui, na kwa ustaarabu wetu wa kuomba radhi ukianza kujitetea radhi imeharibika. Nikasema, "Mzee mwenzangu, yaliyotokea yametokea. Ujana una mambo."

"Ndiyo," akaitikia Mzee Saidi.

"Mambo gani?" Akasimama. "Ana mke?"

"Hapana, mzee, si..."

"Ana mtoto nje?"

Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa akaacha kugeuza. "Heee! Kumbe ndiyo maana walikuwa wamejificha!"

"Ameshaposa kwingine huyo," akasema mwingine, "wamekuja na kitambaa kufuta."

"Masikini Zuhura wa watu!"

Nikarudi nyuma hatua ili nipate kuwaeleza wote, na hapo ndipo mguu wangu ulipoingia kwenye dagaa za mtu, zilizoanikwa chini juu ya chandarua, zikalia kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Mwenye dagaa akapiga ukelele. Watu wakaanza kusogea, wabebaji wakatua magunia. Mzee Yasini akanyoosha kidole, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeumia.

"Mzee Idi, mimi nilikubali. Mimi na ndugu zangu tulikubali wiki ile ile uliyokuja. Nimekupigia nikupe siku. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, hupatikani. Mtu aliyeniambia simu yake haizimwi! Nikasema hawa wametuona sisi watu wa dagaa, wamejuta, wanakimbia. Kuna watu wengine wameomba kuja kuposa kwangu Jumapili, nikawa nawasitisha kwa ajili ya huyo mtoto wenu. Kumbe mlikuwa mnaficha kitu."

Ningekuwa na busara ningekaa chini kwenye mchanga. Lakini nilisikia neno moja tu katika yote aliyosema, hupatikani, likanichoma.

"Mimi sipatikani?" Nikaitoa simu, nikaiinua juu wote waione. "Mimi, na simu hii? Tazameni minara! Wewe ndiye unayenikatia, Mzee Yasini! Nimekupigia mara tatu, mara tatu umenikatia!"

"Nimekukatia mimi?"

"Umenikatia!"

"Haya." Akatoa kisimu chake, akatoa miwani, akafuta miwani. "Nakupigia hapa hapa. Iweke tuione."

Nikaiweka juu ya gunia la dagaa, kioo kinang'aa, macho yote matatu yanatazama chini. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Ile sauti ya dada mpole ikatoka kwenye kisimu chenye mpira: *Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.*

Mteja alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa cha kanzu.

"Umekosea namba," nikasema. Nikamsomea namba tarakimu moja moja, na mama mwenye dagaa zilizokanyagwa akamsaidia kuhakiki. Ilikuwa namba yangu. Akapiga tena. *Samahani, mteja...* Safari hii akinamama walimalizia wenyewe, kwa pamoja, kama wanaimba kaswida: *hapatikani kwa sasa!*

"Basi mimi nikupigie wewe," nikasema, maana mtu akizama hushika hata maji. Nikabonyeza. Ikakatika. "Umeona! Umeona unavyonikatia!"

"Nimekukatia na nini?" akasema Mzee Yasini. Mikono yake yote miwili alikuwa ameiinua juu, na kisimu kiko pale juu ya gunia, kimetulia, hakijalia wala kutikisika.

Na wakati huo huo, kama vile inanikomoa, simu yangu ikatoa mlio mtamu, ting. Ilikuwa wasapu. Mtu alikuwa amenitumia picha ya maua ya kunitakia siku njema.

Sitaeleza kicheko kile. Mbebaji mmoja alilala chini. Mama mwenye dagaa akasema, "Mzee, hiyo siyo simu, hiyo ni albamu," na Mzee Saidi, ambaye siku nzima alikuwa ameitikia ndiyo, akaitikia ndiyo na hapo.

Mzee Yasini peke yake hakucheka. Alikaa tena kwenye kiti chake, akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo kijana hana kosa?"

"Hana kosa lolote, mzee. Hata hajui kwamba nimekuja."

"Na hiyo radhi ilikuwa ya nini?"

"Nilidhani umekasirika."

"Na mimi nilidhani mmenidharau." Akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti ili wote wasikie, maana wote walikuwa wamesikia yale ya kwanza. "Kijana sina neno naye. Wa Jumapili nitawaambia wasije. Lakini wewe, Mzee Idi, sikutaki. Mtu aliyekuja kumwombea radhi kijana asiye na kosa, kesho atamwombea talaka asiyoitaka. Mshenga wangu ni huyu." Akamnyooshea kidole Mzee Saidi. "Wewe una simu gani?"

Mzee Saidi akatoa kitochi mfukoni. Kikajaribiwa hapo hapo. Kikalia.

Kitambaa cha kanzu nikampa mama mwenye dagaa.

Nyumbani nikaazima tena simu ya mke wa jirani, nikayasikiliza maelezo ya Jafari mpaka mwisho, na nikayakuta yote humo, tangu siku ya kwanza. "Baba mdogo," anasema, "hii simu ni ya mtumba, ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya huku. Huku mitambo ya zamani wameizima, hata sauti inapita kwenye 4G. Huko nyumbani inaweza ikashika 4G ukapata intaneti vizuri tu, lakini kupiga na kupokea simu ni jambo jingine, maana ikishindwa kuelewana na kampuni yako kwa sauti ya 4G inatakiwa ishuke kwenye mitambo ya zamani, na masafa ya huko sina hakika kama inayo. Kwa hiyo, baba mdogo, usiitoe laini kwenye kitochi kabla hujajaribu kupiga. Jaribu kwanza." Mara mbili alisema, jaribu kwanza. Sikuwa na wa kumlaumu, na nilikuwa nimechoka hata kutafuta.

Kwa Shabani nilikwenda siku ile ile, nikamwambia Zuhura hasemi uongo, na kwamba maneno niliyosema juu yake nayarudisha. Akanishika mkono, akasema yameisha, mzee. Mama yake hakusema yameisha. Mama yake alisema, "Bila wewe mwanangu angekuwa ameshaoa tangu wiki ile." Ni kweli.

Kitochi nikamwomba Bi Tatu anirudishie. "Radhi umeshazoea kuomba," akasema, "niombe na mimi." Nikamwomba, na hii ilikuwa na kosa lake kabisa. Laini ilivyokatwa ikawa inachezacheza humo ndani, tukaishikiza kwa karatasi ya kiberiti, na mpaka leo iko hivyo.

Siku ya harusi nikaenda Kibirizi, ila kama mtu wa kawaida. Mzee Saidi alikuwa ndani, mbele, na wazee, na kofia mpya. Mimi nikakaa nje upande wa majiko, na wanaopika pilau, nikawa naangalia moto kwa kuwa hakuna aliyeniambia nifanye nini. Nikasikia ndani wanaitikia amina, nikajua ndoa imepita, nikaitikia na mimi huko huko kwenye moshi. Nikafikiri ninywe chai niondoke polepole, nipande bajaji kabla watu hawajatoka.

Kitochi kikalia mfukoni. Nilishtuka, maana nilikuwa nimeshasahau simu inavyolia.

"Haloo?"

"Mwakeye," ikasema sauti, na niliisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia dirishani. "Mzee Idi, unapatikana?"

"Napatikana, Mzee Yasini."

"Umeitwa," akasema. "Ingia ndani."

Nikafuta majivu mikononi, nikaingia. Toka siku hiyo mtu akinipa simu mpya, kabla sijamwambia asante namwambia anipigie kwanza.